Alama moja iliyosema watoto wote wamepatikana: historia ya kosa dogo la sharti



Mwezi uliopita ukurasa wetu ulifanya makosa mawili. La kwanza wote mliliona: siku ya tano jioni ukurasa ulikuwa mweupe kabisa, bila habari wala picha, na simu zililia mpaka usiku. La pili ni wachache walioliona, nalo ndilo lililoumiza watu. Ukurasa uliporudi, orodha ya watoto waliopotezana na wazazi wao njiani ilionyesha kwamba watoto wote wamepatikana. Majina yalikuwa zaidi ya arobaini, na kila jina lilikuwa na neno hilo moja kando yake.

Haikuwa kweli. Ilibaki hivyo usiku mmoja na asubuhi moja. Katika saa hizo mama mmoja aliitiwa na jirani mwenye simu, akasomewa jina la mtoto wake, akaondoka kambini kwa miguu kabla jua halijapanda. Alifika mlangoni kwa redio na kitenge cha mtoto mkononi. Akaniambia: "Papa wa redio, muliandika mutoto wangu alionekana. Eko wapi?"

Mkono uliokosa ni wangu. Si mkono wa fundi, si wa shirika lolote. Tumekwisha kuomba msamaha hewani, lakini wengi wenu mmeendelea kuuliza: alama moja ndogo inawezaje kufanya hivyo? Mashini haikuona kama ni uongo? Leo nimeamua kujibu kwa kurudi nyuma mpaka pale alama hiyo ilipozaliwa. Ni historia ndefu, na ndani yake kuna watu wakubwa wa Ulaya na Marekani waliokosa vilevile kama mimi.

Sharti ni nini

Ukurasa wetu umeandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo PHP, ambayo mafundi wetu hapa huitamka kwa Kifaransa, pe-ash-pe. Lugha hiyo hukaa kwenye seva na kutengeneza ukurasa kila mara mtu anapoufungua. Inafuata maagizo mstari kwa mstari. Agizo moja muhimu ni sharti: kama jambo hili ni kweli, fanya hivi, kama si kweli, fanya vile.

Kwa orodha ya watoto sharti lilikuwa jepesi. Kama hali ya mtoto ni "amepatikana", andika amepatikana kwa rangi ya kijani. Kama sivyo, andika anatafutwa kwa rangi nyekundu. Mstari sahihi ni huu:

if ($hali == "amepatikana") {

Na huu ndio niliouandika mimi:

if ($hali = "amepatikana") {

Tazameni vizuri. Tofauti ni alama moja ya sawasawa. Mstari wa kwanza unauliza: je, hali ya mtoto huyu ni sawa na "amepatikana"? Mstari wa pili hauulizi kitu. Unaamuru: weka neno "amepatikana" ndani ya hali ya mtoto huyu. Mashini inatii, inaweka neno, kisha inatazama ndani ya mabano na kukuta neno lililojaa, si tupu. Kwa PHP neno kama hilo huhesabiwa kuwa kweli. Basi sharti linapita, kwa mtoto wa kwanza, wa pili, mpaka wa mwisho. Daftari letu lilikuwa sahihi muda wote huo. Ukurasa peke yake ndio uliosema uongo.

Daktari wa Wales na mistari miwili

Alama ya sawasawa ina baba anayejulikana. Jina lake ni Robert Recorde, daktari aliyezaliwa Tenby, katika nchi ya Wales. Mwaka 1557 alichapisha London kitabu cha hesabu kiitwacho The Whetstone of Witte. Alikuwa akiandika vitabu vyake kwa Kiingereza cha watu wa kawaida, wakati wasomi wengi wa Ulaya walikuwa bado wakiandika kwa Kilatini.

Recorde alieleza mwenyewe kwamba amechoka kurudia kila mara maneno ya kusema kitu hiki ni sawa na kile. Akachora mistari miwili iliyolala sambamba, yenye urefu mmoja, kwa sababu, alisema, hakuna vitu viwili vinavyoweza kuwa sawa kuliko hivyo. Mistari yake ilikuwa mirefu kuliko tunayochora leo. Yeye mwenyewe hakufaidi: alikufa mwaka uliofuata, 1558, ndani ya gereza la London alimofungwa kwa deni.

Kwa Recorde alama hiyo ilikuwa na maana moja tu. Ilisema jambo lililopo: upande huu na upande ule ni sawa. Haikumwamuru mtu afanye kitu. Shida ilianza miaka 400 baadaye, watu walipoanza kuandikia mashini.

Kazi mbili, alama moja

Anayeandikia kompyuta anahitaji mambo mawili yanayofanana kwa sura. Kwanza kuweka: chukua namba hii uitie katika chombo kile. Pili kulinganisha: je, kilicho ndani ya chombo hiki ni sawa na hiki kingine? Kwetu sisi ni kama tofauti ya "tia mchele kwenye ndoo" na "je, ndoo ina mchele?" Hakuna mama sokoni atakayechanganya maneno hayo. Lakini ukiyaandika yote mawili kwa alama moja, jicho linachanganya.

Mwaka 1957 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa lugha ya FORTRAN, iliyotengenezwa na kundi la John Backus. FORTRAN ilichukua alama ya Recorde kwa kazi ya kuweka. Sharti lake la mwanzo halikulinganisha kwa alama hiyo. Lilipiga hesabu na kutazama jibu: likiwa chini ya sifuri mashini inaenda mstari huu, likiwa sifuri inaenda ule, likiwa juu ya sifuri inaenda mwingine. Njia tatu kama njia panda.

Mwezi wa kwanza wa mwaka 1960 wataalamu 13 kutoka Ulaya na Marekani walikutana Paris kumalizia lugha ya ALGOL 60. Hao waliona hatari. Kwa kulinganisha waliacha alama ya Recorde ibaki na maana yake ya zamani. Kwa kuweka walitumia nukta mbili zikifuatwa na alama ya sawasawa, namna hii :=, ili jicho litofautishe mara moja. ALGOL pia ndiyo iliyotupa sharti lenye sura tunayoijua leo: kama, basi, la sivyo.

Kama dunia ingebaki hapo, labda yule mama asingetembea bure. Lakini haikubaki hapo.

Katika maabara ya Bell Labs, jimbo la New Jersey, Ken Thompson alitengeneza lugha ndogo aliyoiita B, mwishoni mwa miaka ya 1960. Mashini alizotumia zilikuwa na nafasi ndogo sana. Thompson alifikiria hivi: katika programu, kazi ya kuweka hutokea karibu mara mbili zaidi ya kazi ya kulinganisha, basi alama ya kuweka iwe nusu ya urefu wa ile nyingine. Kwa hiyo kuweka ikawa =, na kulinganisha ikawa ==. Mwenzake Dennis Ritchie alipoikuza B mpaka ikawa lugha ya C, mwaka 1972, aliacha alama hizo zilivyo. Aliacha na jambo la pili: kuweka kwenyewe kunazaa jibu, na jibu hilo linaweza kukaa ndani ya sharti bila mashini kukataa.

Hapo ndipo mtego ulipotegwa. Thompson hakuwa mjinga wala mwenye nia mbaya. Alikuwa anabana matumizi, kama sisi tunavyobana mega za intaneti. Aliokoa alama moja kila mara, na mamilioni ya watu waliokuja nyuma yake wameilipia.

Kijana wa Greenland na wanafunzi wawili wa Haifa

Sasa tuje kwa PHP yenyewe. Aliyeianzisha ni Rasmus Lerdorf, aliyezaliwa mwaka 1968 Qeqertarsuaq, huko Greenland, kisha akasomea Kanada. Mwaka 1994 alikuwa na hitaji dogo: kujua ni watu wangapi wanaofungua ukurasa wake wa kuombea kazi. Alitengeneza vifaa vichache vya kumsaidia, na tarehe 8 Juni 1995 akavitoa vitumiwe na mtu yeyote bila malipo.

Mwaka 1997 wanafunzi wawili wa chuo cha Technion huko Haifa, Israeli, walitaka kuvitumia kwa kazi yao ya masomo, wakaona havitoshi. Majina yao ni Andi Gutmans na Zeev Suraski. Waliandika upya sehemu inayosoma maagizo, wakashirikiana na Lerdorf, na mwaka 1998 PHP 3 ikatoka. Maumbo mengi ya lugha hiyo yalichukuliwa kutoka C. Mabano, nukta-mkato, sharti, na pamoja navyo ule mtego wa = na ==.

Wanafunzi hao waliacha alama yao nyingine ambayo mafundi wengi wamewahi kukutana nayo bila kujua ilikotoka. Alama ya nukta mbili mara mbili, hii ::, waliipa jina la Kiebrania, Paamayim Nekudotayim, lenye maana hiyohiyo. Jina hilo lilijificha ndani ya mashini. Mtu akikosea, kwa mfano akaandika nukta mbili mara mbili baada ya sharti mahali pa nukta mbili mara moja, PHP ilimjibu kwamba haikutarajia T_PAAMAYIM_NEKUDOTAYIM. Wazieni kijana wa Haiti au wa Bukavu, ambaye hata Kiingereza cha mashini kinamshinda, anaambiwa kosa lake kwa Kiebrania kilichoandikwa kwa herufi kubwa! Katika PHP 8, iliyotoka tarehe 26 Novemba 2020, ujumbe huo ulisafishwa, na sasa mashini inataja tu alama yenyewe.

Lugha hii ndiyo iliyobeba kurasa nyingi za watu wadogo. Facebook ilipoanza mwaka 2004 iliandikwa kwa PHP. WordPress, iliyoanzishwa mwaka 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little, ni PHP pia, na kurasa nyingi za habari za mitaa kama wetu zinakaa juu yake. Kwa hiyo historia hii ya Wales, Paris, New Jersey na Haifa iko ndani ya simu yako unapotusoma.

Kosa linalopiga kelele

Turudi kwenye yale makosa yetu mawili. La kwanza, lile la ukurasa mweupe, mafundi huliita kosa la sintaksi. Maana yake ni kwamba sentensi ya programu imevunjika, mashini haiwezi hata kuisoma. Jioni ile nilikuwa naongeza sharti jipya, nikafungua bano lenye mkunjo, lile mafundi wetu wanaloliita akolade, nikasahau kulifunga.

Mashini husoma kutoka juu kwenda chini, huku ikihesabu kila bano lililofunguliwa. Mimi nilisahau akolade karibu na mstari wa 40, lakini mashini ilinung'unikia mstari wa mwisho kabisa, ikisema imefika mwisho wa faili bila kutarajia. Ilikuwa imeendelea kungoja mlango ufungwe mpaka ikafika ukutani. Hili ni jambo la kwanza ambalo kila anayejifunza lazima alijue: namba ya mstari inayotajwa ni mahali mashini ilipokwama, na kosa lenyewe mara nyingi liko juu yake. Ukisahau nukta-mkato mwishoni mwa mstari wa 10, utalaumiwa mstari wa 11.

Kuna mengine ya namna hiyo. PHP inaruhusu sharti liandikwe kwa nukta mbili na kufungwa kwa neno endif, mahali pa akolade. Ukichagua njia hiyo, neno elseif lazima liandikwe kwa kushikana. Ukilitenga, else if, mashini inakataa, ingawa kwa akolade inakubali yote mawili. Mabano ya mviringo yanayobeba sharti nayo lazima yawe mawili mawili: kila lililofunguliwa lifungwe.

Na kwa nini ukurasa ulikuwa mweupe, bila hata ujumbe wa kosa? Kwa sababu seva nyingi zimepangwa zisiwaonyeshe wageni makosa, ili watu wabaya wasijifunze undani wa nyumba. Ujumbe unaandikwa pembeni, katika daftari la makosa la seva. Fundi wetu kijana alinipigia simu akaniambia: "Mukubwa, fungua kwanza daftari ya makosa, usiguse kitu kingine." Nililifungua na ujumbe ulikuwa pale. Kama ningemsikiliza mpaka mwisho tungepona. Lakini simu zilikuwa zinalia, umeme ulikuwa karibu kukatika, nikaandika upya sehemu nzima kwa haraka. Akolade nikaifunga. Alama moja ya sawasawa nikaisahau.

Ukurasa ukarudi. Watu wakashukuru. Nikalala vizuri.

Kosa linalonyamaza

Kosa la pili si la sintaksi. Sentensi yangu ilikuwa nzima kabisa mbele ya mashini, ndiyo maana haikulalamika. Historia inaonyesha kwamba makosa ya namna hii, yanayojificha ndani ya sharti lililoandikwa vizuri kwa nje, ndiyo yaliyoleta hasara kubwa.

Tarehe 15 Januari 1990 mtandao wa simu za mbali wa kampuni ya AT&T huko Marekani ulianguka kwa karibu saa 9. Kituo kimoja cha New York kilipata hitilafu, kikajiwasha upya, kikawatangazia wenzake kwamba kimerudi. Wenzake waliposikia ujumbe wake nao wakaanguka na kujiwasha, wakawaangusha wengine, mpaka ugonjwa ukazunguka vituo 114. Chanzo kilikuwa amri moja ya kutoka, iliyowekwa vibaya ndani ya sharti, katika programu ya lugha ya C iliyokuwa imewekwa mwezi mmoja kabla.

Novemba 2003 mtu alijaribu kuingiza mistari miwili ya siri katika Linux, programu inayoendesha seva nyingi za dunia. Mstari mmoja ulionekana unauliza kama mtumiaji ni namba 0, yaani bwana mkubwa mwenye ruhusa zote. Lakini ulikuwa na alama moja ya sawasawa, si mbili. Kwa hiyo haukuuliza. Ulimfanya mtumiaji awe bwana mkubwa. Ni kosa langu lilelile, ila yeye aliliandika kwa makusudi, akitumaini kwamba likionekana litadhaniwa ni bahati mbaya. Liligunduliwa mapema kwa sababu programu hiyo ilitunzwa mahali pawili, na nakala zilipolinganishwa hazikufanana.

Februari 2014 kampuni ya Apple ililazimika kurekebisha simu zake kwa haraka. Chini ya sharti lisilo na akolade, mstari mmoja ulikuwa umerudiwa mara mbili. Wa kwanza ulitii sharti. Wa pili ulikuwa nje ya sharti, ukatekelezwa kila mara, na ukaguzi wa usalama uliokuwa chini yake ukawa unarukwa. Simu ilidhani imekagua, kumbe haikukagua.

Siwataji hao ili nijifiche nyuma yao. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nawataja kwa sababu baada ya kila ajali watu walikaa wakatafuta namna ya kufanya, na namna hizo zinafaa hata kwa ukurasa mdogo kama wetu.

Walivyojifunza kuliamsha

Dawa moja naipenda kuliko zote, kwa sababu haihitaji fedha. Ni kugeuza mpangilio. Mahali pa kuandika hali kwanza na neno baadaye, unaanza na neno:

if ("amepatikana" == $hali) {

Maana haibadiliki. Lakini ukisahau alama moja, mashini itaona unajaribu kutia kitu ndani ya neno, na neno si chombo. Itakataa palepale, na ukurasa utakuwa mweupe. Wenye WordPress waliiweka mbinu hii katika kanuni zao za uandishi. Inachofanya ni kuligeuza kosa linalonyamaza liwe kosa linalopiga kelele. Ukurasa mweupe unaudhi, lakini hauwezi kumtoa mama kambini alfajiri.

Dawa ya pili ni alama tatu, ===, zilizoletwa na PHP 4 mwaka 2000. Alama mbili katika PHP zina ulegevu: zinajaribu kulinganisha vitu visivyo vya aina moja. Kabla ya PHP 8, ukiuliza kama namba 0 ni sawa na neno la kawaida, tuseme "Kivu", ilijibu ndiyo, kwa sababu neno lisiloanza na tarakimu liligeuzwa kuwa sifuri. PHP 8 iliacha tabia hiyo kwa namba na maneno ya namna hiyo. Alama tatu zinadai kila upande uwe wa aina moja na wa thamani moja, bila huruma.

Dawa ya tatu ni kuuliza mashini isome tu bila kutekeleza, kwa amri php -l ikifuatwa na jina la faili. Inakamata akolade zilizosahauliwa kabla wasomaji hawajaziona. Lakini isiwadanganye: mstari wangu ungepita mtihani huo bila shida.

Dawa ya nne ndiyo iliyookoa Linux: jicho la pili. Fanya jaribio kwa jina ambalo unajua jibu lake. Kama siku ile ningetazama mtoto mmoja tu ambaye najua bado anatafutwa, ningeona kijani na kushtuka. Nilitazama kama ukurasa umerudi. Sikutazama ulichokuwa unasema.

Inavyowahusu nyinyi

Ndugu zangu wa kambini, mnaweza kusema haya ni mambo ya mafundi. Sivyo. Leo mtu akihama, maisha yake yanaingia katika orodha: ya chakula, ya maturubai, ya chanjo, ya watoto wanaotafutwa. Orodha nyingi zinapitia kompyuta, na ndani ya kompyuta kuna masharti. Kama familia ina watu kiasi hiki, fanya hivi. Kama tarehe ya kufika ni kabla ya siku fulani, fanya vile. Masharti hayo yameandikwa na mtu, pengine usiku, pengine umeme ukiwa karibu kukatika.

Kwa hiyo jina lako likikosekana, au likionekana na neno usilolielewa, usirudi kimya ukidhani mashini haikosei. Muulize anayeshika orodha mambo mawili: sharti gani limetumika, na nani alilihakikisha kwa macho yake? Mkiona jirani naye amepata jibu lilelile lisilowezekana, semeni pamoja. Neno moja likirudia kwa watu wote, mara nyingi ni dalili kwamba mashini imeacha kuuliza.

Sisi tumebadilisha mambo matatu. Sharti la orodha limegeuzwa na kuwekewa alama tatu. Hakuna badiliko linalowekwa bila mtu wa pili kulisoma. Na neno "amepatikana" haliandikwi tena na mashini. Linaandikwa kwa mkono, baada ya watu wawili kuthibitisha, mmoja aliye na mtoto na mmoja wa familia.

Yule mama tulimpa kiti na chai, nikamweleza kwamba nilikosa. Nilijaribu kumwonyesha mstari kwenye ordinatere, alama moja na alama mbili. Aliitazama kwa muda, akasema: "Basi ongeza ile ingine, papa, na musome tena jina yake." Tukaiongeza mbele yake. Jina la mtoto wake tunalisoma kila jioni baada ya habari, pamoja na majina ya wenzake. Kando yake ukurasa unasema kweli: anatafutwa. Ukimjua aliko, tupigie.